UZI: Kontrola na transmita za usawa zinazotumia upepo, zinavyofanya kazi na kwa nini tusizitupe

#1 Fundi_Mkuyuni

Mwangaluka wadau.

Naandika uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniuma. Viwanda vyetu vya kanda ya ziwa, vya minofu, vya mafuta ya pamba, vya vinywaji, bado vina vifaa vya kupima (transmita) na kudhibiti (kontrola) usawa wa maji au mafuta kwenye matangi vinavyoendeshwa na upepo wa kompresa peke yake. Kikianza kusumbua, kijana aliyetoka chuoni anafungua kifuniko, hakuti waya hata mmoja, anaandika kwenye ripoti "kimekufa, kiagizwe kipya". Kinang'olewa kinapelekwa kwenye skrapa. Mara nyingi kifaa ni kizima kabisa, tatizo lipo kwenye upepo kinaolishwa. Kwa hiyo tukielewe vizuri hiki kitu, kuanzia ndani.

Naanza na aina ya dispresa. Pembeni mwa tangi kuna chemba ya chuma iliyounganishwa na tangi kwa mabomba mawili, moja juu na moja chini, hivyo kimiminika husimama ndani ya chemba kwa kimo kilekile cha tangi. Ndani ya chemba imening'inizwa silinda ndefu. Wengi wanadhani ni boya. Si boya. Boya huelea, hupanda na kushuka na maji. Dispresa ni nzito kuliko maji inayoyasukuma kando, haiwezi kuelea, na inabaki karibu palepale hata usawa ubadilike. Kinachobadilika ni uzito unaobebwa na ndoano yake. Wavuvi wetu wanaijua kanuni hii kwa mikono: nanga ya jiwe ikiwa bado majini unaivuta kirahisi, ikitoka tu juu ya maji uzito wote unarudi. Ndiyo kanuni ya Archimedes: kilichozama hupungukiwa uzito sawasawa na uzito wa kimiminika kilichokipisha.

Chukua dispresa ya ujazo wa lita 1.6 yenye uzito wa kilo 2.2. Chemba ikiwa tupu, ndoano inabeba kilo 2.2. Maji yakifika nusu ya silinda, inabeba kilo 1.4. Yakiifunika yote, inabeba kilo 0.6. Usawa umeshageuka kuwa nguvu, na hatujatumia umeme wala betri.

Nguvu hiyo inatokaje nje ya chemba yenye presha bila kuvuja? Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni. Mkono wa dispresa umeshikizwa kwenye bomba jembamba la chuma linaloitwa toki tyubu. Mwisho mmoja wa bomba hilo umefungwa imara kwenye flanji, mwisho wa ndani unasokotwa na uzito wa dispresa. Maji yakiwa chini msokoto ni mkubwa, yakipanda bomba linajisokotoa. Ndani ya bomba kuna kijiti kilichochomelewa mwisho ule unaosokotwa, kinapita katikati hadi nje na kuzunguka nyuzi chache tu. Bomba moja linafanya kazi ya springi, linafanya kazi ya kizibo cha presha, na linatoa mwendo nje. Hakuna pakingi ya kukwama, hakuna oringi ya kuchakaa.

Nje, kijiti kile kimebeba kibati chembamba, flapa. Mbele ya flapa kuna nozeli, yaani mdomo mdogo wa kutolea upepo. Upepo safi wa karibu psi 20 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) unatoka kwenye regyuleta, kifaa kinachoshusha na kutuliza presha ya kompresa, unapita kwenye tundu dogo sana lisilobadilika, halafu unafika kwenye nozeli na kutoka nje. Tundu la nozeli ni kubwa kuliko lile tundu la kwanza. Flapa ikiwa mbali, upepo unatoka wote na presha nyuma ya nozeli inakuwa karibu na sifuri. Flapa ikisogea karibu, upepo unabanwa na presha inapanda. Mwendo unaohitajika ni sehemu chache za mia za milimita. Ndiyo maana nasema kila siku: usishike flapa kwa kidole, ukiipinda umeharibu kifaa.

Presha ya nozeli ni ndogo na haina ujazo wa kusukuma valvu, kwa hiyo inaingia kwenye relei. Relei ina diaframu (kiwambo chembamba kinachosukumwa na presha) na kivalvu kidogo, inachukua upepo mwingi moja kwa moja kutoka kwenye regyuleta na kuutoa kwa kufuata amri ya nozeli. Kinachotoka ni psi 3 hadi 15. Kikienda kwenye kichwa cha valvu, diaframu ya valvu inasukuma springi na valvu inafunguka au kufunga.

Bado kitu kimoja, mrejesho. Sehemu ya upepo unaotoka inarudishwa ndani kwenye tyubu ya Bourdon (kijibomba kilichopindwa), na nozeli imefungwa kwenye tyubu hiyohiyo. Presha ya kutoka ikipanda, tyubu inajikunjua na kuisogeza nozeli mbali na flapa. Yaani kifaa kinajizuia chenyewe kisiruke hadi mwisho.

Tofauti ya kontrola na transmita iko hapo. Transmita kazi yake ni kusema ukweli tu: usawa asilimia 0 ni psi 3, asilimia 50 ni psi 9, asilimia 100 ni psi 15, na taarifa inakwenda kwenye geji au kwenye kontrola iliyoko kwingine. Kontrola ina seti pointi, yaani usawa unaoutaka, na inatoa amri kwa valvu mpaka usawa urudi pale. Chemba na toki tyubu vinaweza kuwa vilevile, kinachotofautiana ni sanduku la juu.

Karibuni kwa maswali.

#2 Igoma75

Mkuu heshima kwako. Nimefanya kazi na hivi vitu na sijawahi kuelezwa hivi. Ila hapo kwenye mrejesho umenipoteza. Kama nozeli na flapa zimeshahisi usawa, kwa nini tena tuzidhoofishe kwa kuisogeza nozeli?

#3 Fundi_Mkuyuni

Swali zuri sana kaka. Nozeli na flapa zikiachwa peke yake ni kali mno. Usawa ukipanda kidole kimoja tu, presha inaruka kutoka chini hadi juu, valvu inafunguka yote, maji yanashuka, valvu inafunga yote. Umepata swichi ya kuwasha na kuzima.

Historia yenyewe inaonyesha hilo. Edgar H. Bristol wa kampuni ya Foxboro huko Marekani alibuni nozeli na flapa mwaka 1914, na kwa miaka mingi vifaa vilivyotumia mbinu hiyo viliishia kufungua na kufunga tu. Ni Clesson Mason, wa kampuni hiyohiyo, aliyepata njia ya kurudisha sehemu ya presha ya kutoka ili izuie ule ukali, na kontrola iliyotokana na kazi yake iliingia sokoni mwaka 1931 kwa jina la Stabilog. Mpaka leo tunatumia wazo lake.

Kwenye kontrola yako kuna kinobu kimeandikwa propoosheno bendi. Kinobu hicho kinaendesha kivalvu kinachogawa ni kiasi gani cha presha ya kutoka kirudi kwenye Bourdon. Ukirudisha yote, bendi ni pana: usawa lazima ubadilike sana ndipo valvu itembee mwendo wake wote. Ukirudisha kidogo, bendi ni nyembamba na kifaa kinakuwa kikali. Kwenye transmita huna haja ya kuchezea hilo, mrejesho umepangwa ili asilimia 100 ya usawa iwe psi 12 za mabadiliko kamili.

#4 KijanaVETA

Shikamooni wakubwa zangu. Mwalimu alituambia tukariri psi 3 hadi 15 lakini hakusema kwa nini. Kwa nini isiwe 0 hadi 12?

#5 MzeeWaBoila

Marahaba mwanangu. Nikuambie mimi.

Kwanza, upepo ukikatika, bomba likipasuka, panya akitafuna tyubu ya plastiki, geji itashuka hadi 0. Kama 0 ingekuwa na maana ya "tangi tupu", mwendeshaji asingejua kama tangi ni tupu au bomba limekatika. Kwa kuwa tangi tupu ni 3, ukiona 0 unajua papo hapo kwamba kuna hitilafu. Mafundi wa umeme nao wanatumia miliampia 4 hadi 20 kwa sababu hiyohiyo, na ukipiga hesabu utaona 3 kwa 15 na 4 kwa 20 ni uwiano uleule wa moja kwa tano.

Pili, nozeli ikikaribia presha ya sifuri haifuati mstari mnyoofu tena. Kwa hiyo tunaiacha sehemu ile ya chini na kutumia sehemu inayoaminika. Kwenye vifaa vya kipimo cha baa utakuta 0.2 hadi 1.0, ni kitu kilekile.

#6 DadaPampu

Asanteni kwa uzi huu. Mimi niko upande wa maji safi na maji taka, na huku kwetu dispresa haina maisha. Maji taka yakiingia kwenye ile chemba ya pembeni, tope linaziba bomba la chini na kifaa kinabaki kinaonyesha usawa wa juzi. Tunachotumia ni bomba la mapovu, na naomba nilitetee kwa nguvu zote kwa sababu ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na watu wanakidharau.

Unashusha bomba ndani ya kisima au tangi hadi karibu na sakafu. Unapeleka upepo kidogo kupitia regyuleta na kipimo cha mtiririko, unarekebisha mpaka mapovu yatoke chini polepole bila kukoma. Ili povu litoke, presha ndani ya bomba lazima ilingane na uzito wa maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba. Basi, hiyo presha ndiyo usawa wako. Mita 1 ya maji ni kilopaskali 9.81, au psi 1.42. Tangi la mita 4 linakupa karibu kilopaskali 39. Unaweka geji ofisini, au unaingiza kwenye transmita inayogeuza hiyo presha kuwa psi 3 hadi 15, na hakuna chombo chochote kinachogusa uchafu isipokuwa lile bomba.

Mambo niliyoyaona kazini: mdomo wa bomba usiukate mraba, ukate pembe au uutoboe kijipengo cha herufi V pembeni, mapovu yatoke madogo na sawasawa, la sivyo geji inacheza. Uache nafasi ya sentimita kadhaa kutoka sakafuni maana tope litapanda tu. Presha ya regyuleta lazima iwe juu kuliko uzito wa maji tangi likijaa, vinginevyo maji yakipanda mapovu yanakoma na kipimo kinagota pale pale. Na usiongeze upepo kwa tamaa, upepo mwingi unapata upinzani ndani ya bomba lenyewe na utasoma usawa mkubwa kuliko ulivyo.

Kutambua ubovu ni rahisi pia. Mdomo ukiziba, presha inapanda na unasoma tangi limejaa. Njia ya upepo ikivuja, unasoma pungufu. Sisi tunafungulia upepo mwingi kwa muda mfupi kusukuma uchafu, tukiwa tumefunga kwanza valvu ya geji isipasuke, halafu tunarudisha mtiririko wa kawaida.

#7 Mwana_Nyanza

Dada umenifungua macho. Swali langu: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kifaa kikipimwa na kurekebishwa Dar halafu kikaletwa Mwanza, si kitasoma uongo kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi?

#8 MzeeWaBoila

Kwa usawa, hapana. Hewa ya Mwanza inasukuma kwa kilopaskali 88 hivi badala ya 101 za pwani, kweli. Lakini hewa hiyo inasukuma uso wa maji na inasukuma pia upande wa nyuma wa geji na diaframu zako. Zinafutana. Psi 9 za Dar ni psi 9 za Mwanza kwenye vifaa hivi. Tangi lililofungwa lenye presha yake ni habari nyingine, pale lazima presha ya juu ya kimiminika iletwe upande wa pili wa DP seli (kifaa kinachopima tofauti ya presha mbili) ili ifutwe. Dispresa yenyewe haisumbuliwi, presha ya tangi inaizunguka pande zote.

Mwinuko utakaouona ni kwenye kompresa. Kila mzunguko wa pistoni unavuta hewa nyepesi, kwa hiyo kompresa ileile inakupa upepo mchache zaidi huku kuliko pwani. Mnaponunua, muulize hilo. Na kwa watu wa boila, maji kwenye tangi la wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, usishangae pampu ya maji ya kulishia kuanza kupiga kelele kabla geji ya joto haijafika 100.

#9 Ngosha_Umeme

Wakuu nawaheshimu lakini dunia imeshahama. Transmita ya kielektroniki unaiweka, inakupa usomaji sahihi zaidi, inatunza kumbukumbu, unaiona kwenye skrini ukiwa ofisini. Upepo ukizidi mita mia moja za bomba taarifa inachelewa. Halafu nozeli inapoteza upepo usiku na mchana, huo upepo umelipiwa umeme. Kwa nini tuendelee kufundisha vijana vitu vya kale?

#10 Fundi_Mkuyuni

Ndugu yangu Ngosha, yote uliyosema ni kweli na siyapingi. Kama najenga kiwanda kipya chenye chumba cha udhibiti, taarifa naileta kwa umeme. Kuchelewa kwa bomba refu ni kweli, na upotevu wa upepo ni kweli.

Lakini tazama mazingira. Kwenye kinu cha mafuta kinachotumia heksani (kimiminika cha kuyeyushia mafuta) kukamulia mbegu, mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Kila kifaa cha umeme pale kinahitaji kasha maalumu, glandi maalumu, na fundi anayejua kuvifunga. Kifaa cha upepo hakina cheche. Umeme ukikatika, na sote tunaishi hapa tunajua, tangi la kompresa bado lina upepo wa kutosha kuendesha valvu mpaka jenereta ishike au mtambo uzimwe kwa utaratibu. Na hata ukiweka transmita ya umeme, valvu kule mwisho bado inasukumwa na upepo. Kwa hiyo kijana ambaye hajui upepo hajaweza kazi, awe na skrini au asiwe nayo.

Upande wa gharama pia, relei ikichoka unabadilisha diaframu na gasketi, unaifanya hapohapo mezani. Kadi ya kielektroniki ikiungua na radi, na radi za ukanda huu wa ziwa mnazijua, unaagiza nzima.

#11 Ngosha_Umeme

Hoja ya radi nimeikubali, imenitia hasara nyingi. Na hoja ya valvu pia. Bado nasema penye nafasi tuhame.

#12 Kirumba_Stimu

Wakuu naomba msaada wa haraka, nimekuja kwenye uzi huu kwa sababu hiyo. Tuna tangi la maji ya kulishia boila, kontrola ni ya dispresa, valvu ya kuingiza maji. Tangu mvua zianze valvu haitulii. Inafunguka, inafunga, inafunguka, geji ya kutoka inatembea kati ya psi 4 na 14. Bosi anataka kuagiza kontrola mpya. Seti pointi haijaguswa na mtu.

#13 Fundi_Mkuyuni

Pole kaka. Usiagize kitu kwanza. Umesema "tangu mvua zianze", na hapo ndipo pa kuanzia.

Piga hesabu na mimi. Siku ya masika yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa ya Mwanza ina karibu gramu 20 za maji. Kompresa ikibana hadi baa 7, inakusanya karibu mita 9 za ujazo ndani ya mita 1. Hizo ni gramu 175 na zaidi za maji. Hewa hiyo ikishapoa kurudi nyuzi 26, mita moja ya ujazo inaweza kubeba gramu 24 tu kama mvuke. Zilizobaki, karibu gramu 150, zinakuwa matone ndani ya tangi la kompresa na mabomba yako. Zaidi ya nusu glasi kwa kila mita ya ujazo ya upepo uliobanwa! Sasa fikiria tundu dogo la relei yako likikutana na matone hayo yaliyochanganyika na kutu na oili ya kompresa.

Fanya hivi. Zungumza kwanza na mwendeshaji wa boila, mlishe maji kwa mkono kupitia baipasi (bomba linalozunguka valvu) huku mtu mmoja amesimama kwenye kioo cha usawa asiondoke. Fungua dreni (tundu la kumwagia maji) ya tangi la kompresa, kisha dreni ya filta ya regyuleta ya kontrola. Puliza upepo wa regyuleta kwenye karatasi nyeupe uone kama inabaki kavu na safi. Ukiona unyevu au rangi ya njano ya oili, umeshapata adui.

Halafu njoo kwenye kontrola. Presha ya kulishia isiyumbe, iwe psi 20. Relei nyingi zina kitufe chenye sindano ya kusafishia lile tundu dogo, kibonyeze mara kadhaa. Nozeli isafishe kwa waya laini mwembamba kuliko tundu, kamwe usitumie kichokoo kikubwa kwa sababu ukilipanua tundu hesabu yote ya kiwandani imeharibika. Kumbuka dalili: lile tundu dogo likiziba, nozeli inakosa upepo na presha ya kutoka inaanguka. Nozeli yenyewe ikiziba, presha ya nyuma yake inapanda na kifaa kinatoa psi zote. Uchafu unaokuja na kuondoka unakupa kuyumba kama kwako.

Kama baada ya hapo bado inayumba, ichunguze valvu. Tenganisha kontrola, mpe valvu upepo wa regyuleta moja kwa moja, panda taratibu kutoka 3 hadi 15 na kushuka. Shina likitembea kwa kurukaruka, pakingi imekazwa mno, na kontrola haina kosa. Mwisho kabisa ndipo uguse propoosheno bendi.

#14 DadaPampu

Naongezea mambo mawili ya huku ufukweni. Yale mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka ziwani yakifika kwenye kompresa, filta ya kuvutia hewa inajaa ndani ya usiku mmoja. Ikaguliwe. Na nyigu wa matope wanapenda sana tundu la kutolea upepo la relei na la kichwa cha valvu, wanalijaza udongo, na relei isiyoweza kutoa upepo haishuki. Tunafunga kiwiko kinachotazama chini chenye wavu.

#15 MzeeWaBoila

Nami naongeza la usalama, mnisikilize vizuri. Dispresa ikiota gamba la chokaa inakuwa nzito, kifaa kinasoma maji pungufu kuliko yaliyopo. Ikitoboka ikajaa maji, vilevile. Ikikatika na kuanguka chini ya chemba, ndoano haina uzito, kifaa kinasoma tangi limejaa na valvu ya kuingiza maji inafunga. Kwenye boila lenyewe hilo ndilo linaloua watu: mirija inabaki mikavu na motoni huku geji inasema maji yapo. Kwa hiyo swichi ya kukata moto maji yakipungua iwe kifaa kingine kabisa, chenye njia zake, na kioo cha usawa kipulizwe kila zamu. Mtu akikuambia kontrola inatosha, mkatalie. Na ukikuta boila limekauka likiwa na moto, zima moto, usiingize maji.

#16 Igoma75

Mzee hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Swali dogo: Kirumba akae na valvu ya aina gani, inayofunguka upepo ukikatika au inayofunga?

#17 MzeeWaBoila

Uliza kwanza: upepo ukipotea ghafla, hali ipi haina madhara? Tangi la maji ya kulishia likifurika, maji yanatoka kwenye bomba la kufurikia, hasara ni ndogo. Likikauka, pampu inaungua na boila linakosa maji. Kwa tangi hilo mimi naweka valvu ambayo springi inaifungua na upepo unaifunga. Hapo usawa ukipanda, presha ya kontrola inapanda, valvu inafunga. Kwa valvu ya kutolea maji chini ya tangi jawabu linaweza kugeuka. Muhimu mwelekeo wa kontrola na wa valvu vilingane, maana ukigeuza kimoja bila kingine, maji yakipungua valvu itazidi kufunga.

#18 Kirumba_Stimu

Wakuu, mrejesho. Dreni ya tangi la kompresa ilikuwa imeziba, maji yamejaa, na filta ya regyuleta ilikuwa na maji hadi juu yamechanganyika na oili. Tumesafisha, tukabonyeza ile sindano ya relei, tukabadilisha kipande cha filta. Kuyumba kumepungua sana, sasa geji inatembea kati ya 8 na 10. Valvu yetu ni kama alivyosema mzee, springi inafungua. Je, hizo psi mbili zilizobaki nizimalizeje?

#19 Fundi_Mkuyuni

Safi sana. Sasa ndipo unagusa bendi. Ipanue kidogo, subiri mpaka tangi lijibu kikamilifu, tangi kubwa linajibu taratibu. Isukume seti pointi kidogo juu, tazama usawa unavyorudi. Ukiyumba mara moja mbili ukatulia, acha hapo. Ukiendelea kuyumba, panua tena. Usawa utatulia mbali kidogo na seti pointi mzigo ukibadilika, kwa tangi la kulishia hilo halina shida. Na tafuta kikaushio cha upepo kabla vuli haijaingia, vinginevyo utarudi palepale.

#20 KijanaVETA

Mkuu samahani, la mwisho kwangu. Tukitaka kurekebisha dispresa ya tangi la mafuta ya pamba na mafuta hatuna karakana, tunaweza kutumia maji?

#21 Fundi_Mkuyuni

Mnaweza, mdogo wangu, ila si kwa kimo kilekile. Mafuta ya pamba ni mepesi, uzito wake ni karibu 0.92 ya maji. Kama dispresa ina urefu wa milimita 356, mafuta yakiifunika yote yanapunguza uzito sawa na maji yaliyofika milimita 327 tu. Kwa hiyo psi 3 unaiweka chemba ikiwa tupu, psi 15 unaiweka maji yakiwa milimita 327 kutoka chini ya dispresa, na psi 9 uihakikishe kwenye milimita 164. Funga tyubu ya plastiki inayoonyesha pembeni ya chemba usomee kimo hapo. Mafuta yakiwa ya moto tangini yanakuwa mepesi zaidi, tumia uzito wa joto la kazi na si wa mezani. Halafu kausha chemba vizuri kabla ya kuirudisha.

Wadau, kama kuna mwenye diaframu za relei za kontrola hizi za zamani, awe Musoma, Bukoba au Shinyanga, aniandikie inboksi. Kuna relei tatu mezani hapa ambazo zinasubiri hizo tu zirudi kazini.